Sheria ya Sumter: Jenerali Aliyelipa Askari Wake kwa Watu

Mwanzoni mwa mwaka 1781, katika vita vya Mapinduzi ya Marekani vya kujitenga na Uingereza, Thomas Sumter, brigedia jenerali wa wanamgambo wa South Carolina, aliandaa mkataba wa kuandikisha askari. Ulitaja muda wa utumishi: miezi 10. Ulitaja nguo ambazo kila askari angepewa, na chumvi kwa mwenye familia. Halafu ukataja mshahara. Askari wa kawaida angelipwa mtumwa mmoja mzima, atakayekamatwa kwenye mashamba ya wafuasi wa Mfalme wa Uingereza. Koloneli angelipwa watumwa wazima watatu na mdogo mmoja. Sajenti angelipwa mtumwa mmoja na robo.

Utaratibu huo ukaja kuitwa "Sheria ya Sumter", ingawa ulipoanza kutumika hakuna bunge lililokuwa limeupitisha. Wanaosimulia maisha ya Sumter wengi huupita mbio mbio, wakawahi kwenye sifa zake: lakabu yake ya jogoo wa kupigana, kiti chake cha useneta, na ngome ya Charleston yenye jina lake, ambako vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilianza tarehe 12 Aprili 1861. Uchambuzi huu unakaa kwenye mkataba. Humo ndimo unapoonekana uhusiano kati ya Sumter mpiganaji na Sumter mwanasiasa, na humo pia inaeleweka kwa nini jeshi lililoandikishwa kwa haraka hivyo lilisambaratika ndani ya miezi michache.

Sumter alizaliwa Virginia mwaka 1734, katika familia isiyo na ukwasi. Alitumikia katika wanamgambo wa Virginia, akafika hadi vijiji vya Wacherokee, wenyeji wa asili wa Marekani, milimani, na mwaka 1762 alivuka bahari kwenda London pamoja na ujumbe wa viongozi wa Wacherokee. Aliporudi alifungwa kwa deni, akatoroka, akahamia South Carolina. Huko mwaka 1767 alimwoa Mary Cantey Jameson, mjane mwenye mali, na kwa ndoa hiyo akaingia kwenye tabaka la wenye mashamba na watumwa. Deni ni jambo la kukumbuka katika maisha yake. Lilimwondoa Virginia, na lilimfuata tena uzeeni.

Mapinduzi yalipoanza alikaa kwenye bunge la muda la jimbo, akapewa kikosi cha jeshi la kudumu mwaka 1776, na mwaka 1778 akajiuzulu akarudi shambani. Angeweza kubaki huko. Tarehe 12 Mei 1780 Charleston ikaanguka mikononi mwa Waingereza, na jeshi zima la waasi la kusini, watu karibu 5,000, likaweka silaha chini. Wiki mbili hivi baadaye askari wapanda farasi wa Banastre Tarleton, afisa wa Waingereza, walifika kwa Sumter wakamkosa, wakaichoma nyumba. Mkewe, aliyekuwa hawezi kutembea vizuri, alitolewa nje akiwa ameketi kwenye kiti chake, akaachwa uani akiutazama moto.

Kisha kamanda wa Waingereza, Henry Clinton, akafanya kosa kubwa. Waliosalimu amri walikuwa wameahidiwa kukaa majumbani kwao kwa amani, bila kushika silaha upande wowote. Tangazo la tarehe 3 Juni 1780 likafuta ahadi hiyo: kila mtu achague, awe mtiifu na tayari kumpigania Mfalme, au ahesabiwe adui. Wengi waliokuwa wametulia wakajiona wamesukumwa. Mwezi huo huo wapiganaji waliokusanyika karibu na mpaka wa North Carolina wakamchagua Sumter kuwa jenerali wao. Cheo rasmi kutoka kwa Gavana John Rutledge kilikuja tarehe 6 Oktoba. Kwa miezi ile ya katikati alikuwa jenerali kwa kura ya askari wake, na jenerali aliyechaguliwa na askari hawezi kuwaamuru kama aliyeteuliwa kutoka juu. Wasiporidhika, wanapanda farasi wanaondoka.

Kuhusu fedha, maji yalikuwa yamezidi unga. Bunge la Marekani lilikuwa limeshusha thamani ya dola zake za karatasi mwezi Machi 1780 hadi 40 kwa 1, na bado zikaendelea kuporomoka. Hazina ya South Carolina haikuwepo: mji mkuu umetekwa, bunge halikutani, gavana yuko uhamishoni. Mwanamgambo alikuja na farasi wake, bunduki yake na chakula cha siku chache mfukoni. Mahindi yalipotaka kupaliliwa alirudi nyumbani. Mkono mtupu haulambwi, na mkono wa Sumter ulikuwa mtupu kabisa.

Kwa hiyo watu wake walikuwa wakijilipa wenyewe kwa nyara, na tayari katika mwaka 1780 Sumter aliona gharama yake. Hanging Rock, tarehe 6 Agosti, aliivamia kambi ya adui akaivunja sehemu baada ya sehemu. Ushindi ukiwa karibu kukamilika, askari wake waliingia kwenye mahema ya adui, wakakuta pombe na vitu, wakaacha safu. Hakuweza kuwakusanya tena kulivunja kundi la mwisho lililokuwa bado limesimama. Akalazimika kuondoka na alichopata, maadui waliobaki wakimtazama.

Siku 12 baadaye, Fishing Creek, gharama ilikuwa kubwa zaidi. Sumter alikuwa amenasa msafara wa Waingereza wenye mikokoteni zaidi ya 40 pamoja na mateka. Mzigo wa namna hiyo unalipunguza mwendo jeshi lote, maana ng'ombe na magari havikimbii. Tarleton, mwenye wapanda farasi na askari wa miguu kama 160 tu, alimfikia mchana wa jua kali, askari wakiwa wanaoga, wanapika, wengine wamelala, bunduki zimewekwa kando. Watu wa Sumter wapatao 150 waliuawa au kujeruhiwa na 300 hivi wakatekwa. Jenerali mwenyewe alikuwa amelala chini ya gari, akaponyoka juu ya farasi asiye na tandiko, nusu ya nguo zake kaziacha nyuma.

Hata hivyo alirudi. Ndani ya miezi mitatu alikuwa na watu wengine mia kadhaa, na tarehe 20 Novemba, Blackstock's, akamzuia Tarleton yule yule katika pigano lililowapotezea Waingereza watu wengi. Siku hiyo risasi zilimpiga kifuani na begani, moja ikafika hadi uti wa mgongo. Alitolewa uwanjani juu ya ngozi mbichi ya ng'ombe iliyotandikwa kati ya farasi wawili. Tarehe 13 Januari 1781 Bunge la Marekani lilimpitishia azimio la shukrani, naye angali anauguza kidonda.

Uwezo huu wa kuita watu baada ya kila kipigo ndio uliokuwa nguvu yake kubwa, na hatuoni sababu ya kumnyima sifa hiyo. Bila wapiganaji wa aina yake Waingereza wangeishika bara ya Carolina mwaka 1780 bila kusumbuliwa. Lakini kuwaita watu ni jambo moja na kukaa nao miezi 10 ni jambo lingine.

Mkataba na hesabu zake

Mkataba wa 1781 ulijaribu kuigeuza nyara kuwa mshahara. Badala ya kila mtu kubeba anachokiona, kutakuwa na kiwango kwa cheo. Badala ya wanamgambo wanaokuja na kuondoka, kutakuwa na vikosi vya wapanda farasi wa jimbo, wenye panga, bastola, tandiko na hatamu, walioandikishwa kwa muda maalumu. Kwa mtazamo wa kamanda asiye na hazina, mantiki ya mpango iko wazi: watu watapora hata hivyo, basi uporaji uwekewe daftari.

Barua ya Aprili 1781 kutoka kwa mmoja wa maafisa wa ukoo wa Hampton inaeleza viwango kwa cheo. Koloneli watatu wazima na mmoja mdogo, meja watatu wazima, kapteni wawili wazima, luteni mmoja mkubwa na mmoja mdogo, sajenti mmoja na robo, askari wa kawaida mmoja mzima. Juu ya hao kila mtu apewe koti moja, vizibao viwili, suruali mbili, mashati mawili, soksi jozi mbili, viatu jozi moja, kofia na blanketi. Mwenye familia apate nusu busheli ya chumvi, yaani takriban lita 18, kitu cha thamani wakati ambapo bandari zimefungwa na nyama haihifadhiki bila chumvi. Theluthi mbili ya vitu vyote vitakavyotekwa kwa adui, isipokuwa watumwa na zana za kivita, zingekuwa za askari. Na mali ya marafiki ikikombolewa kutoka kwa adui, mwenye mali angetozwa ada ya uokoaji ndipo arudishiwe.

Tazama hiyo robo ya sajenti. Hakuna robo ya mtu. Inawezekana kuandikwa tu pale ambapo watu wamekwisha kugeuzwa kipimo cha thamani, kama sarafu yenye senti zake: mzima ni noti kubwa, mtoto ni chenji. Hesabu za malipo ya vikosi hivyo zina robo na robo tatu za namna hiyo. Na ili chenji ipatikane, mtoto alipaswa kuwekwa kando na mama yake, maana mmoja ni malipo ya huyu na mwingine ni malipo ya yule. Kutenganishwa kwa familia kulikuwa ndani ya hesabu yenyewe, kabla hata ya ukatili wa askari yeyote.

Umbali nao uliongeza madhara. Askari wengi walioandikishwa walitoka North Carolina, kikosi kimoja kikiongozwa na William Polk wa Mecklenburg. Mtu aliyekamatwa kwenye shamba la mpunga au nili karibu na mto Santee angeweza kujikuta amepelekwa wilaya za ndani kabisa, au jimbo jingine, asikojua mtu wala njia ya kurudi.

Ni kweli kwamba Waingereza nao walifanya biashara ya aina hiyo. Tangazo lao la tarehe 30 Juni 1779 liliwaahidi usalama watumwa wa waasi watakaokimbilia upande wao, lakini halikuwahusu watumwa wa wafuasi wa Mfalme, na kuanzia Septemba 1780 walikuwa na kamishna wao wa kusimamia mashamba ya waasi yaliyotwaliwa, pamoja na watu waliokuwa humo. Kwa mtu aliyekuwa mtumwa wa mfuasi wa Mfalme, upande mmoja ulimwacha alipo na upande mwingine ulimfanya mshahara.

Makamanda wenzake Sumter waliupokea mpango kwa namna tofauti. Nathanael Greene, aliyekuwa amekabidhiwa jeshi la kusini mwanzoni mwa Desemba 1780 likiwa hoi, hakuuzuia, alihitaji watu. Andrew Pickens aliandikisha askari wa jimbo kwa utaratibu huo huo. Francis Marion, jenerali wa wanamgambo wa pwani, aliukataa. Marion mwenyewe alikuwa na watumwa, kwa hiyo hatutamfanya mpinga utumwa. Lakini alikataa kuwafanya mshahara, na watu wake wakaendelea kupigana bila malipo huku wakiona wenzao wa upande wa pili wa mto wameahidiwa kitu ambacho mkulima mdogo asingekipata kwa miaka mingi ya kilimo.

Mambo yalivyoanza kuharibika

Udhaifu wa kwanza ulikuwa chanzo cha malipo. Mshahara wa fedha hutoka hazina. Mshahara huu ulitoka mahali ambapo pana watumwa wengi wa maadui, na mahali hapo si lazima pawe na adui mwenyewe. Kamanda mwenye deni kwa askari wake huanza kuangalia ramani kwa jicho la mlipaji. Greene alipomhitaji Sumter karibu na Camden mwezi Aprili 1781, Sumter hakufika. Greene akapigana Hobkirk's Hill tarehe 25 Aprili bila yeye, akashindwa. Sumter alikuwa na sababu zake, mojawapo ikiwa kwamba kukusanya watu kulichelewa, na hatudai kuwa nyara ndiyo iliyokuwa sababu pekee. Ila vikosi vyake wakati huo vilikuwa vikielekea kule kwenye maghala na mashamba.

Fort Granby ndipo tatizo linapoonekana kwa karibu. Ngome hiyo ndogo kwenye mto Congaree ilikuwa na askari wapatao 350 chini ya Meja Andrew Maxwell, na ndani yake kulikuwa kumejaa vitu vilivyoporwa vijijini. Sumter aliizingira mwanzoni mwa Mei, akamwacha Koloneli Thomas Taylor ailinde, akaenda kuiteka Orangeburg tarehe 11 Mei. Akiwa huko, Henry Lee wa jeshi la kudumu alifika Granby na mzinga, na tarehe 15 Mei akaipokea ngome kwa masharti mepesi: Maxwell na watu wake waondoke kwenda Charleston na mizigo yao.

Kwa Lee yalikuwa masharti ya busara. Jeshi la Waingereza lilikuwa karibu, na ngome iliyochukuliwa bila damu siku hiyo ilikuwa bora kuliko ngome ambayo ingechukuliwa wiki inayofuata au isichukuliwe kabisa. Kwa watu wa Sumter mizigo ile ilikuwa mishahara yao. Mkataba uliwapa theluthi mbili ya kitakachotekwa, na sasa waliitazama ikivuka mto kwenye mikokoteni ya adui, mingine ikiwa mali iliyoibwa majumbani kwao wenyewe. Hasira ilikuwa kubwa, Sumter akaleta barua ya kujiuzulu, na Greene akamrudishia cheo chake kwa maneno ya kumtuliza. Jeshi moja sasa lilikuwa na aina mbili za askari, na uamuzi ule ule uliokuwa ushindi kwa wa kwanza ulikuwa wizi kwa wa pili.

Mwezi Julai ukaja msafara wa siku za joto. Greene alimpa Sumter uongozi wa vikosi vya Marion na Lee pamoja na vyake, kuwapiga Waingereza wa Luteni Kanali Coates waliokuwa Monck's Corner. Coates aliichoma ghala yake kanisani Biggin, akaondoka usiku, na tarehe 17 Julai akajifungia kwenye majengo ya shamba la Shubrick karibu na daraja la Quinby. Nyumba za mbao ngumu, uzio, na wapiga risasi ndani. Marion na Lee walipoiona nafasi ile waliona haivamiki bila mzinga. Mzinga ulikuwepo, lakini Sumter alikuwa ameuacha nyuma ili aende mbio.

Akaamuru wavamie. Watu wa Marion walivuka uwanja wazi kwenda kwenye uzio na ndio walioumia zaidi. Watu wa Taylor waliposonga hawakupata msaada kutoka nyuma. Baada ya pigano Taylor alimwendea Sumter akamwambia usoni kwamba hatatumikia tena chini yake. Wengi wa watu wa Marion waliondoka usiku huo. Lee naye akaondoka na askari wake. Jeshi kubwa kuliko yote ambayo Sumter aliwahi kuyaongoza lilivunjika kwa siku moja. Katika msafara huo watu wake walikuwa wamekamata sanduku la mishahara la Waingereza lenye gini 720 za dhahabu, na Sumter akazigawa kwa askari wake. Walioanguka mbele ya uzio wa Shubrick walikuwa zaidi wa Marion.

Kosa la mbinu peke yake halimalizi jeshi. Sumter alikuwa ameshashindwa vibaya Fishing Creek na watu wakarudi. Safari hii hawakurudi kwa sababu imani ilikuwa imekwisha kuliwa kidogo kidogo: nani analipwa, nani halipwi, nani anatangulizwa mbele.

Siku chache baadaye alituma watu Georgetown, mji wa bandari uliokuwa umekombolewa, wakachukue bidhaa za wafuasi wa Mfalme: watumwa, chumvi, nili na vinginevyo. Tarehe 2 Agosti 1781 Waingereza walilipiza. Meli yao iliupiga mji mizinga na sehemu kubwa ikateketea, zikiwemo nyumba za watu waliokuwa upande wa Mapinduzi. Gavana Rutledge, aliyekuwa amerejea jimboni, alitoa tangazo tarehe 5 Agosti la kukataza uporaji. Kwa tangazo hilo Sheria ya Sumter ilikoma kama njia ya kuandikisha watu, ingawa madeni yake yalibaki. Sumter akawapa askari wake likizo, Greene asikubaliane naye, na mwanzoni mwa 1782 akajiuzulu.

Kipo pia kilichoharibika ambacho maafisa hawakukipa uzito katika barua zao. Mtu aliyekamatwa alihitaji kulishwa, kulindwa na kusafirishwa, na kila mlinzi wake alikuwa bunduki moja pungufu mbele. Na mtu huyo alikuwa na miguu na akili. Aliyejua kwamba kesho atagawiwa alikuwa na kila sababu ya kukimbilia kwa Waingereza usiku huu, na njia za vinamasi vya Santee alizijua kuliko mpanda farasi kutoka North Carolina.

Kutoka kambini hadi bungeni

Bunge la South Carolina lilikutana Jacksonborough mwezi Januari 1782, kwa kuwa Charleston bado ilikuwa ya Waingereza. Wajumbe wengi walikuwa maafisa wa vita, na Sumter alikuwa miongoni mwa waliochaguliwa. Kikao hicho ndicho, kwa maoni yetu, kilichoamua maana ya kisa hiki.

John Laurens, kijana wa familia tajiri ya Charleston na msaidizi wa zamani wa George Washington, alileta pendekezo kwamba jimbo liandikishe kikosi cha watu weusi wapatao 2,500 kutoka mashamba yatakayotaifishwa, wapigane na kupata uhuru wao. Halikuwa wazo jipya. Mwaka 1779 Bunge la Marekani lilikuwa limependekeza South Carolina na Georgia waandikishe askari weusi 3,000, na South Carolina ikakataa. Wakakataa tena. Katika kikao hicho hicho walipitisha sheria ya kutaifisha mali za wafuasi wa Mfalme, na wakaweka watumwa kuwa zawadi kwa watakaojiandikisha jeshini. Laurens aliuawa tarehe 27 Agosti mwaka huo kwenye mapigano madogo mto Combahee.

Kwa hiyo haitoshi kusema kwamba Sumter alikosa njia nyingine. Njia nyingine iliwekwa mezani mara mbili, na watu wenye akili timamu: watu wale wale wapewe bunduki badala ya kupewa bei. Waliokuwa na kura walichagua bei. Alichokifanya Sumter kwa mamlaka yake mwenyewe mwezi Machi na Aprili 1781 kikawa, mwaka mmoja baadaye, sera ya jimbo.

Kisha ikafuata kinga. Vita vilipokwisha, wenye mali iliyochukuliwa walianza kudai, na si wote walikuwa wafuasi wa Mfalme. Aliyeamua nani ni mfuasi alikuwa mara nyingi afisa aliyesimama uani kwake. Mwaka 1784 bunge la jimbo lilipitisha sheria ya kumkinga Sumter na wenzake wasishtakiwe kwa yale waliyochukua vitani.

Sumter alikuwa ameanzisha mji wa Stateburg mwaka 1783 akitumaini uwe makao makuu ya jimbo. Columbia ikachaguliwa mwaka 1786. Mwaka 1788, kwenye mkutano wa kuidhinisha Katiba ya Marekani, alitoa hoja mjadala uahirishwe hadi Oktoba. Ikashindwa kwa kura 135 dhidi ya 89. Katiba ikapita kwa 149 dhidi ya 73, yeye akiwa kati ya walioipinga. Aliogopa serikali kuu yenye nguvu, kama watu wengi wa bara ya Carolina. Hata hivyo mwaka uliofuata aliingia kwenye Baraza la Wawakilishi la kwanza chini ya Katiba hiyo hiyo, ambayo ilihesabu watumwa kwa kipimo cha tatu ya tano ili kugawa viti. Kwa mtu aliyewahi kusimamia daftari la robo, hiyo haikuwa hesabu ngeni.

Alihudumu hadi 1793, akakaa nje miaka minne wakati kiti kilipochukuliwa na Richard Winn, aliyepigana chini yake Hanging Rock, kisha akarudi 1797. Desemba 1801 akahamia Seneti na kukaa humo hadi Desemba 1810, akifuata chama cha Thomas Jefferson. Rekodi yake ya bungeni haina mengi ya kusimulia. Wadhifa wake ulitegemea jina alilolipata mwaka 1780 na watu walioongozwa naye, ambao wengi walikuwa na sababu ya kutotaka historia ya malipo yao ifunguliwe. Wade Hampton, mmoja wa makoloneli wa mkataba ule, aliingia bungeni pia, na akafa akiwa miongoni mwa wamiliki wakubwa kabisa wa watumwa nchini. Pickens vile vile alikaa bungeni.

Deni lilimrudia Sumter. Alinunua ardhi nyingi kuliko uwezo wake, mashauri yakamwandama, na mwaka 1827 bunge la jimbo likaamua asidaiwe na benki ya jimbo muda wote atakaokuwa hai. Alikufa tarehe 1 Juni 1832 karibu na Stateburg, akiwa na miaka 97, jenerali wa mwisho wa vita vile kuondoka duniani.

Wafuasi wa Mfalme waliokimbilia Uingereza walikuwa na tume ya bunge iliyoundwa mwaka 1783 kusikiliza madai yao, na humo waliorodhesha watumwa waliopoteza pamoja na nyumba na ng'ombe, wakidai fidia. Askari wa Sumter walikuwa na wakaguzi wa hesabu wa jimbo, waliopokea madai ya malipo ambayo hayakukamilika kwa miaka mingi baada ya vita. Orodha zao zinaonyesha jina la askari, cheo chake na kikosi chake. Kwenye safu ya malipo kuna tarakimu tu, chini ya vichwa viwili: wakubwa, wadogo.